Waya wa Damu ya Mzee

Umeme ulipokatika, hakuna kilichofuata. Feni ya sebuleni ilizidi kupunguza mwendo mpaka mapanga yake yakahesabika, friji ikakoroma mara ya mwisho, na nyumba nzima ikatega sikio. Tulikuwa tumekwisha kuzoea: kimya cha kupepesa macho, kisha nyuma ya jikoni jenereta inakohoa, inanguruma, feni inapata nguvu upya, na Mama anaendelea na maneno yake pale alipoyaachia. Adhuhuri ile Mama aliyaacha yakining'inia. Alisimama na sahani mkononi, akatazama dari kana kwamba ngurumo hupitia huko. Kule nyuma kulisikika "tk" moja, kama mtu anayesonya. Halafu basi.

Mashine ya oksijeni chumbani kwa Bibi ikaanza kulia.

Mashine ile ilikuwa ikivuta hewa ya chumba na kumchujia Bibi pumzi. Mapafu yake yalikuwa yamechoka, na daktari alikuwa amesema wazi kwamba asikae bila hiyo. Kando ya kitanda palikuwa na mtungi mdogo wa akiba, wa kuvukia tu, si wa kukaa nao. Nilikimbia, nikahamisha mpira wa hewa kama muuguzi alivyotufundisha, nikafungua mtungi. Mshale wa kipimo ulipanda kidogo, ukasita karibu na alama nyekundu.

"Mume wangu," Bibi alisema, maana ndivyo alivyonitania tangu nazaliwa, "mbona mbio? Nyumba inaungua?"

"Hapana, Bibi. Umeme umekatika."

"Na ile mashine ya mwanangu?"

Jenereta ya mwanawe ilikuwa na kazi moja tu duniani, na haikuifanya.

Mwanawe huyo ni Shangazi, dada mkubwa wa Baba, kifungua mimba wa Bibi. Bibi alikuwa mshonaji, na watoto wake walijifunza rangi kwenye vigurudumu vya uzi kabla ya kujifunza herufi. Katika nyumba ile hapakuwa na nyekundu tu. Kulikuwa na nyekundu, kulikuwa na nyekundu iliyopauka, kulikuwa na damu ya mzee, na aliyeleta uzi usio wenyewe alirudishwa dukani kwa miguu ileile. Baba alirudishwa mara nyingi. Shangazi hakurudishwa hata mara moja.

Umeme ulimwingia kupitia cherehani. Bibi alikuwa amepata mota ya kukanyagia, ikazimika kazi ikiwa imerundikana hadi mlangoni, na fundi akawa wa leo-kesho. Shangazi, msichana wa kusuka nywele mbili, akafungua kikanyagio kwa kisu cha mezani. Alikuta waya umekatika, akauunga, akasahau kwamba plagi bado iko ukutani. Umeme ulimtupa juu ya rundo la sare za shule. Bibi alipiga kelele. Msichana aliinuka amejaa vitambaa, akacheka, akasema, "Umenisalimia."

Tangu hapo hakugeuka nyuma. Alisomea kazi, akaajiriwa, akaacha ajira, akajitegemea. Kwenye mitaa yetu, ukiona nyumba ina jenereta inayowaka yenyewe umeme ukikatika, uliza nani kafunga, utaambiwa: Fundi Kucha.

Jina la Kucha halikuwa la siku nyingi. Lilikuja pale alipoanza kutembea na chupa za rangi ya kucha ndani ya mkoba wa bisibisi. Hakupaka vidoleni, vidole vyake vilikuwa na sugu na makovu. Alipaka nyaya. Kila waya wa amri, ule wa kuiambia jenereta iwake au izimike, aliutia doa la rangi kwenye ncha zote mbili, kisha akafunga kwa kufuata rangi. Wateja walifurahi. "Kazi ya mwanamke hata ndani ya boksi ina urembo," walisema, naye akajibu, "Urembo ni wa waya, mimi nimeshaolewa na plaizi." Sote tulicheka. Tulidhani ni mbwembwe za uzeeni.

Bibi alipoanza kuishi kwa mashine, hakuna aliyeuliza nani afunge jenereta. Baba alinunua injini, Shangazi akachagua kila kitu kingine. Nilimsindikiza kwenye duka la vifaa vya umeme. Muuzaji alimletea waya mwembamba wa kengele.

"Mama, kwa amri tu huu unatosha. Si unapeleka neno la 'waka' na 'zimika'?"

"Baba, neno likipita mahali penye kelele linafika limepotoka," Shangazi alisema. "Nipe kebo ya nyaya sita, shaba ya nyuzi nyingi, ganda lake liwe la kuhimili umeme wa nyumba. Humo humo utapita waya wa kuchajia betri, na huo si wa mchezo."

Muuzaji alitoa kebo nene nyeusi. Ndani, nyaya zote sita zilikuwa nyeusi pia, zimetofautishwa kwa tarakimu ndogo nyeupe zilizoandikwa kwenye ganda. Shangazi hakuzitazama tarakimu. Aliziviringisha nyaya kati ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, kama Bibi alivyokuwa akipima kitambaa. "Hii," alisema. Nilimwona ni bingwa asiyehitaji hata macho.

Nyumbani wakagombana na Baba kuhusu bomba. Baba alitaka nyaya zote zipite bomba moja, ukuta ulikuwa umepakwa rangi juzi.

"Dada, mabomba mawili sambamba yanakaa kama njia ya reli."

"Wewe kijana," alisema Shangazi, na kijana mwenyewe ana mvi mpaka nyusi, "nyaya nene ni wapagazi, hizi nyembamba ni wajumbe. Ukiwapitisha njia moja, wapagazi watawapigia kelele wajumbe, na siku moja jenereta itawaka hakuna aliyeiita. Unataka Mama ashtuke kitandani?"

Lilipotajwa jina la Mama, yaani Bibi, ukuta ukatobolewa.

Nyaya alizitia rangi uani, jua likiwa la utosi. Aliketi kwenye kigoda, ncha zote mbili za kebo mapajani, chupa zimepangwa kwenye sinia. Akamwita Mama yangu.

"Wifi, njoo unisomee tarakimu, miwani nimeisahau."

Mama alisoma, Shangazi akapaka. Mbili za kuamsha injini, waridi. Za kupeleka habari za umeme, kijani na nyeupe. Ya tano, ya kuchajia betri, nyekundu. Ya sita ilikuwa ya akiba, haina kazi, ikapewa damu ya mzee.

"Wifi, na wewe kwa rangi! Ya akiba nayo unaivalisha?"

"Hata asiye na kazi anahitaji nguo," Shangazi alijibu.

Nakumbuka hakuna aliyesema: lakini wifi, wewe huna miwani. Hakuwahi kuwa nayo.

Kebo ikavutwa ndani ya bomba lake. Ndani ya nyumba, kwenye boksi la kubadilishia umeme wa mtaa na wa jenereta, alifunga nyaya mbele ya dirisha. Kwenye jenereta alifunga akiwa amepiga magoti nyuma ya jikoni, kwenye kona ya kivuli kati ya tangi la maji na ukuta. Halafu akamwomba Bibi ruhusa, akamwekea mtungi, na kwa mkono wake mwenyewe akazima swichi kuu. Jenereta ilikohoa, ikanguruma. Tulipiga makofi. Bibi aliinua kidole gumba. Umeme ulikatika tena mara kadhaa wiki zilizofuata, na kila mara jenereta iliitika.

Kisha ikaja adhuhuri ile ya "tk".

Shangazi anakaa mtaa wa pili. Alikuja kwa miguu, mkoba ukimgonga nyonga, na nilipomfungulia geti aliuliza neno moja, "Anapumua?" Nikasema ndiyo, kwa mtungi. Alipita bila kunitazama.

Baba alikuwa kwenye jenereta, anabonyeza kitufe na kutukana. "Tk," ilisema. "Tk."

"Acha," Shangazi alisema akiwa bado mbali. "Sauti hiyo ni ya betri iliyokufa. Leta gari."

Baba alirudisha gari nyuma mpaka likachuna ukuta ule uliopakwa rangi juzi, na hakushuka hata kuangalia. Waliunganisha betri ya gari na ya jenereta. Ndani, mimi nilikuwa nimeshika mkono wa Bibi, macho kwenye mshale. Mshale ulikuwa umelala juu ya alama nyekundu kama mdudu juani. Midomo ya Bibi ilianza kupoteza rangi. Alikuwa amefumba macho, anapumua kwa mpango, kama mtu anayekunywa maji akijua kisima kimekauka.

Injini ikanguruma. Feni ikaamka. Mashine ya oksijeni ikalia mlio wake wa kusalimu, nami nikarudisha mpira kwenye mashine. Nikasubiri mpaka midomo yake ikarudi. Ndipo nikatoka nje, nikasimama kando ya tangi la maji.

"Muuza betri ametupiga changa la macho," Baba alikuwa akisema. "Betri mpya kabisa!"

"Betri mpya haifi hivihivi," Shangazi alisema. Alikuwa na hasira, na sauti yake ilikuwa imara. "Inakaa hapo inasubiri, kile kidude cha mashine kinachovizia umeme ukatike kinainyonya kidogokidogo. Ndiyo maana inapelekewa umeme wa kuilisha kutoka ndani. Hii imekufa njaa. Kuna mtu hajailisha."

Akatoa kitu cha kupimia, kile kinachowaka taa ndogo nyekundu penye umeme. Kwenye boksi la ndani, waya wa kuchajia ulikuwa hai. Nyuma ya jikoni, upande wa jenereta, ulikuwa mfu. Baba alimsomea taa: "Haiwaki." Shangazi akajaribu tena. "Haiwaki, dada."

"Basi umekatika ndani ya bomba," alisema polepole. "Lakini niliuvuta mwenyewe. Haukugusa kisu, haukukunjwa."

Baba alikuwa ameshaanza kuutazama ukuta kwa jicho la nyundo. Hapo ndipo Mama alipokuja kuuliza kama apike au tumwite daktari. Aliinama juu ya bega la wifi yake, mikono imelowa povu, akatazama ndani ya jenereta Baba alipokuwa akimulika tochi.

"Wifi," alisema, "mbona huku umefunga damu ya mzee?"

"Nini?"

"Pa kuchajia. Umefunga ile ya akiba. Nyekundu ni hii hapa uliyoikunja na kuizungushia tepu."

"Zote nyekundu hizo," Baba alisema.

"Ndiyo maana mama yako alikuwa anakurudisha dukani."

Nilicheka. Namkumbuka Baba naye akianza kucheka. Cheko letu lilifika mahali likakuta Shangazi hacheki, hasogei, ameshika waya mmoja kila mkono na kuzileta karibu na pua kama mtu anayenusa.

"Mulika," alisema.

"Mwanga uko juu yake, dada."

"Mulika vizuri."

Baba aliisogeza tochi mpaka ikamgusa kidole. Ilimulika pia uso wake, na mimi niliyekuwa nimesimama mbele yake nikayaona macho yale, macho niliyoyajua tangu utotoni, yana ukungu wa kijivu katikati, kama kioo cha dirisha la jikoni wakati sufuria inachemka. Nilikuwa nimekula naye meza moja Jumapili zote zile.

"Hizi mbili ni moja," Shangazi alisema.

Injini ilizidi kunguruma pale pembeni.

Baba alikata ncha ya waya wa akiba, akamwekea kiganjani kipande kile chenye tarakimu nyeupe. "Isome."

"Usinifanye mtoto."

"Isome tu, dada yangu. Nakuomba."

Alikisogeza karibu, akakisogeza mbali, akakiinamisha kwenye jua. "Tano," alisema.

Ilikuwa sita.

Ndipo kila kitu kikaanza kurudi nyuma, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kikinipiga upya. Rangi ya kucha haikuwa urembo. Tarakimu zilikuwa zimemkimbia, akatafuta doa kubwa la kumsomea. Vidole vilivyopapasa kebo dukani havikuwa vya bingwa asiyehitaji macho. Miwani iliyosahaulika haikuwahi kununuliwa. Alituchekesha muda ule wote, nasi tukacheka, na kila cheko lilikuwa pazia tuliloshika pamoja naye bila kujua.

"Mtoto wa jicho," alisema mwishowe. "Yote mawili. La kulia ndilo lililoanza."

"Tangu lini?" Baba aliuliza.

"Nilidhani rangi hazitanitoka. Nikasema, herufi ziende, rangi nimezaliwa nazo." Alifuta waya kwenye sketi yake, kana kwamba rangi ilikuwa uchafu. "Waridi naiona. Kijani naiona. Hata nyekundu naiona, ila sijui ni ipi."

Baba alikaa chini, kwenye saruji yenye mafuta, na suruali yake ya kutokea. "Nyumba za watu," alisema. "Dada, nyumba za watu!"

Shangazi aliuondoa waya wa akiba mwenyewe, akaufunga ule mwekundu mahali pake. Alikwenda kwanza ndani kuzima fyuzi yake, akarudi, na Mama akawa anamwambia: huo, hapana, huo mwingine, ndiyo. Vidole vyake havikukosea hata skrubu moja. Fyuzi iliporudishwa, taa ikawaka. Baba akasema, "Imewaka," kwa sauti ya mtu aliyepewa habari za msiba.

Kisha akaingia kwa Bibi. Sote tulimfuata mpaka mlangoni, kwa sababu hatukujua mahali pengine pa kwenda.

Alipiga magoti kando ya kitanda. "Mama," alisema, "mimi ndiye niliyekuzimia pumzi. Sioni. Nilifunga waya usio wenyewe."

Bibi alikuwa amelala chali, mpira puani, rangi imemrudia mashavuni. Kila neno aliligawia pumzi.

"Najua huoni."

Shangazi aliinua kichwa.

"Mwaka jana ulinishonea kifungo. Gauni langu la damu ya mzee. Ukatumia uzi mwekundu." Alipumzika. "Wewe, mwanangu. Nikajua."

"Ulijua?" Hiyo haikuwa sauti ya Shangazi, ilikuwa ya Baba, nyuma yetu, imepanda kama ya mvulana. "Mama, ulijua, ukamwacha akufungie nyaya hizo hizo?"

"Ulitaka aambiwe na nani? Na wewe? Wewe hujui rangi." Bibi alitaka kucheka, kikohozi kikamzuia. Tulingoja. "Nilisema atakuja kuniambia mwenyewe. Nikangoja. Yeye kanyamaza, mimi nikanyamaza. Leo jenereta nayo ikanyamaza."

Shangazi aliweka paji la uso kwenye shuka. Bibi akamwekea mkono kisogoni, akamshika kama unavyoshika kitambaa kisiteleze chini ya sindano. Mimi nilibaki mlangoni. Niliona kwamba mwanamke yule mzee alikuwa amelala juma baada ya juma kwenye ncha ya waya ambao hakuuamini, akipima pumzi yake kwa upande mmoja na aibu ya mwanawe kwa upande mwingine. Mpaka leo sijui niiite nini hesabu hiyo. Baba anaiita wazimu. Mama anasema ni mapenzi, kisha anaondoka chumbani kabla hajaulizwa.

Kesho yake Shangazi alimtafuta fundi mwingine, mwanamume mfupi aliyewahi kuwa mpinzani wake, wakazunguka pamoja nyumba zote alizofunga kwa rangi. Alibisha mwenyewe kila mlango. "Nimekuja kukagua kazi yangu," alisema. "Nilipoifunga sikuwa naona vizuri." Kuna waliomkaribisha chai na kuna waliomfungia geti. Yule mpinzani alikagua ndani, yeye akasimama nje ameshika mkoba. Walikuta nyumba nyingine moja yenye kosa lilelile, rangi zilezile mbili. Mwenye nyumba hiyo alisema jenereta yake ilishakufa betri, akalaumu muuza betri, akanunua nyingine.

Chupa za rangi alizimwaga kwenye jalala. Moja tu Bibi aliomba apewe, ile ya damu ya mzee, na siku iliyofuata Mama alimpaka kucha zote kumi pale kitandani, naye akazitazama asubuhi nzima.

Bibi bado anapumua kwa mashine, na jenereta inaitika. Kila Jumamosi Baba huipima betri, na nyaya za tano na sita sasa zimefungwa vibandiko vyenye herufi kubwa kama za bango.

Shangazi yuko hospitali ya macho, ghorofa ya pili, kitanda cha dirishani. Amepasuliwa macho, na jicho la kulia limefunguliwa jana. La kushoto bado limefungwa bandeji, lakini nilipomwonyesha picha ya kucha za Bibi, alisema kwa lile moja, "Hiyo si nyekundu, ni damu ya mzee."